Vidole vya Chizuru

12 Januari

Umelowa.

Hilo ndilo neno pekee nililotakiwa kuandika. Asubuhi Chizuru amenipa daftari hili, jipya, kurasa mia mbili, akasema kila siku niandike hali ya ukuta: umelowa, una unyevu, au umekauka. Basi. Lakini mimi ni mshona nguo, na mshona nguo hawezi kuona kitambaa kizuri kikipotea bure. Nitalijaza.

Chizuru Hatanaka ni Mjapani, ana miaka thelathini na minne, na kazi yake ni kupanda miamba. Si matembezi, ni kazi: kuna kampuni ya viatu huko kwao inayomlipa apande. Tangu Septemba anakaa kwetu, hapa Likasi, katika kambi ya wachimbaji ya Panda, katika chumba kilichokuwa cha marehemu baba. Mama yangu, Mama Madeleine, shemasi wa kanisa, alimhoji siku ya kwanza mezani, mimi nikitafsiri.

“Banamulipa juu ya kupanda libwe? Kule juu iko nini? Cobalt?”

“Haina kitu, mama.”

“Anafika, na kisha?”

“Anashuka.”

Mama alimtazama kwa huruma, akamwongezea bukari, ugali wetu, kwenye sahani.

Ukuta wenyewe uko Kakontwe, katika sehemu ya zamani ya machimbo ya mawe ya chokaa ambayo haichimbwi tena. Urefu wake ni mita thelathini na nne. Chizuru aliuona kwenye picha ya injinia mmoja, akaja. Kabla ya mvua alipigilia vyuma vya kupitishia kamba na kusugua kila shimo kwa brashi. Kilichobaki ni kuupanda toka chini hadi juu kwa mikono na miguu tu. Kamba ipo ya kumwokoa, si ya kumsaidia. Akianguka au akiiegemea hata mara moja, safari hiyo haihesabiwi. Mwisho ni tarehe 31 Machi. Siku hiyo mkataba wake unaisha, na kampuni imesema waziwazi: aupande kabla, apewe mkataba mpya, asipoupanda, kwaheri.

Mimi nashika kamba chini. Baba alikuwa purgeur, yaani mtu anayening’inia kwa kamba baada ya baruti kulipuka, akiangusha kwa mtaimbo mawe yaliyobaki yamelegea. Alinifundisha mafundo kabla ya herufi. Mfaransa aliyekuja na Chizuru alishindwa na malaria mwezi wa kumi na moja, akarudi kwao. Chizuru akawajaribu vijana watatu, wote wakawa wanamtazama yeye badala ya kamba. Ndipo nikasema: nipe mimi.

Ameniahidi jambo. Mkataba mpya ukija, una nafasi ya mtu mmoja wa kamba, na mtu huyo ni mimi. Nina miaka thelathini na mmoja, na mbali kabisa nilikowahi kufika ni Lubumbashi.

14 Januari

Umelowa.

15 Januari

Umelowa. Nimeshona sare sita za shule. Chizuru amesaidia kuweka vifungo, ana mkono mwepesi kuliko wangu.

19 Januari

Una unyevu. Mdogo wangu Elie alitupeleka kwa pikipiki yake, watu watatu, kamba imezunguka shingo yangu. Chizuru alifika mita ishirini na nane, mahali tunapopaita dirishani kwa sababu ya shimo la mraba. Juu ya dirisha hakuna kitu ila vijitundu viwili vya kuingiza ncha ya kidole. Hapo alianguka. Nilimshika. Aliposhuka alinionyesha vidole vinavyometa kwa jasho.

“Hewa yenu ni supu,” alisema.

(Tunaongea Kifaransa, alichojifunza miaka sita akiishi Ufaransa. Mimi naandika kwa Kiswahili.)

Dhidi ya jasho ana unga mweupe anaouita manyezi, katika kifuko kiunoni. Anachovya vidole, anapuliza, anapanda. Kwa hewa hii anautumia kama sisi tunavyotumia chumvi.

2 Februari

Umelowa. Mvua siku ya nane mfululizo. Bati linapigwa mpaka tunaongea kwa ishara.

Nyumba hizi za kambi zilijengwa kwa mtu wa kazi anayekuja kulala tu. Ukikaa ndani mchana kutwa, magoti yanagusana. Mama anaomba chumbani, cherehani yangu iko sebuleni, na Chizuru amepigilia ubao juu ya mlango wa jikoni, ananing’inia kwa ncha za vidole: sekunde kumi, anapumzika, sekunde kumi. Mama akitaka kwenda kuangalia sufuria hupita chini ya miguu yake, akisema “Pardon, mwana.”

Leo nilimuuliza kama hachoki kufungiwa. Akasema alianza akiwa na miaka kumi na moja, katika ukumbi uliokuwa ghala la matairi, na tangu miaka kumi na mitatu hajawahi kuongeza sahani ya pili ya wali. Amesimama mara nne kwenye jukwaa la washindi. Halafu akanisimulia nusu fainali moja, mbele ya watu elfu tatu, ngozi ya vidole vitatu ilipopasuka na damu ikabaki ukutani, waamuzi wakaja na kitambaa kuifuta mbele ya kamera. Tangu siku ile, alisema, haogopi kuanguka. Anaiogopa ngozi yake. Kila jioni anaichunguza kama mtu anayetazama mtoto mgonjwa, anaisugua kwa tupa ndogo, anaipaka mafuta.

Nilimwonea huruma. Nilidhani anayelipwa kupanda ndiye mtu huru kuliko wote duniani.

9 Februari

Umelowa.

13 Februari

Umelowa. Mama amehubiri mezani juu ya Nuhu. Nilimwomba asitukumbushe.

21 Februari

Una unyevu. Manyezi inakaribia kwisha. Kifurushi kipya kimefika Lubumbashi lakini kimekwama forodhani, wanauliza unga huu mweupe ni wa nini. Elie amecheka mpaka amekaa chini. Chizuru hakucheka. Siku thelathini na nane zimebaki.

Mimi na mdomo wangu, nikamwambia kama tunavyomwita dada mkubwa: “Likasi kukosa unga mweupe? Yaya, Kakontwe nzima ni unga mweupe!” Shemeji yangu Symphorien, mume wa dada yangu Claire, ana tanuri lake dogo la chokaa pale. Na kando ya chokaa husaga jiwe bichi, lisilochomwa, unga laini wa kuchanganya katika chakula cha kuku ili maganda ya mayai yawe magumu. Nimeuchota miaka yote. Hauumi, hauna harufu. Chizuru aliusugua ule uliobaki kwenye debe letu la kuku, akafikiri, akasema kavu ni kavu, tuchanganye nusu kwa nusu mpaka kifurushi kije.

Nilijiona mtu wa maana sana.

25 Februari

Una unyevu, lakini mawingu yamepanda juu. Nimeenda kwa Symphorien, hakuwepo. Mvua ilikuwa inaanza upya, Elie anapiga honi nje. Nimechota kilo mbili katika gunia la mlangoni.

26 Februari

UMEKAUKA!

Jua tangu saa mbili asubuhi, upepo, ukuta mweupe kama shati la Pasaka. Alipanda mara tatu. Mara ya kwanza, dirishani. Mara ya pili, juu ya dirisha. Mara ya tatu alivipita vijitundu vyote viwili, akabakiza mita moja. Moja! Mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari unapapasa ukingo, majani ya juu yanamgusa. Halafu kidole kikateleza.

Alipiga kelele ya furaha wakati anaanguka, sijawahi kusikia kitu kama hicho. Amesema unga wa shemeji unateleza kidogo kama sabuni, akizoea utafaa. Kesho anapumzisha ngozi, kesho kutwa anaumaliza. Nyuma ya pikipiki aliniambia ninunue koti zito, Japani kuna baridi.

Jioni alisema vidole vinawasha.

27 Februari

Sijui niandike nini kwanza.

Asubuhi hakutoka chumbani. Niliingia na chai. Alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya mapaja, viganja juu. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu, na katikati ya wekundu kuna vidoa vyeupe, laini, kama ngozi iliyokaa majini siku tatu. Kwenye kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, ngozi ilikuwa imetoboka. Vitobo vidogo, mviringo, kama vya sindano nene.

“Imeanza tena,” alisema. “Ni kama ile nusu fainali, ila mbaya zaidi.”

Nilikwenda kwa Symphorien kuomba mafuta ya mawese mazuri, na pia kuchota unga mwingine. Alikuwa amesimama kibandani, mikono kiunoni.

“Belle-sœur, njo weye ulichota mu gunia ya ku mulango?”

“Njo minye. Unga ya kuku.”

“Ya kuku nilitoa, nikaweka kule nyuma sababu bati inavuja hapa. Ile ya ku mulango njo chaux, chokaa ya kupaka nyumba. Uliwapa kuku?” Alitaka kucheka. “Bon, bitakufa tu kidogo.”

Kila mtoto aliyekulia karibu na tanuri anajua kutofautisha. Unachota punje chache, unaziweka kwenye ulimi. Jiwe ni kama udongo tu. Chokaa inauma. Baba alinifanyisha hivyo nikiwa na miaka sita, akacheka nilipotema. Juzi sikufanya. Nilikuwa na haraka, na gunia lilikuwa mahali pake pa siku zote. Nililiendea sasa, nikaweka punje ulimini. Iliniuma mpaka machozi yakanitoka, na nikaendelea kuiacha pale, kama mtu mwenye adhabu.

Symphorien aliacha kucheka. “Uliwapa nani?”

Nilimwambia.

Akakaa juu ya tofali. Huyu shemeji nimemwona mjinga miaka tisa, mtu wa mpira na bia. “Kaende umwambie leo,” alisema. “Sema mbele. Kesho itakuwa nguvu zaidi, kesho kutwa hautaweza.”

Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno tayari. Nikamkuta Chizuru amefumba macho, mama anamfuta mikono kwa kitambaa. Nilichukua kifuko cha kiunoni, nikakikung’uta chooni, nikakifua mara tatu. Niliosha mikono ya Chizuru kwa maji mengi, mengi, mpaka akashangaa.

“Wewe ni mwema sana kwangu, Josée,” alisema.

Baada ya neno hilo sikuweza. Kesho nitasema.

28 Februari

Umelowa. Sikusema.

1 Machi

Umelowa. Ana homa kidogo. Sikusema.

3 Machi

Umelowa. Nimemmenyea maembe, nimemkatia nyama, nimemfunga kamba za viatu. Anashukuru kila mara. Kila shukrani ni jiwe.

6 Machi

Umelowa.

Leo alizungumza kwa simu na daktari wake wa Japani, wa miaka mingi, aliyeona picha za vidole. Nilikuwa nakunja nguo pembeni. Waliongea Kijapani, sauti ya daktari ni ya mzee mpole. Ghafla Chizuru akaweka mkono juu ya simu na kunigeukia.

“Anasema inafanana na kuungua. Anauliza kama kuna kitu kigeni kiligusa mikono yangu. Ule unga wa shemeji yako, Josée. Ni jiwe tu?”

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Sikuwa na haja hata ya kuufungua, nilikuwa natakiwa kupita tu. Nikaiona nafasi yangu ikipewa mwingine, nikaliona koti zito, nikaiona cherehani hii hii na sebule hii hii mpaka nizeeke.

“Jiwe tu,” nilisema. “Hata kuku wanakula.”

Akaondoa mkono, akamjibu daktari. Mzee akasema maneno machache. Chizuru alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepokea rambirambi. Baadaye aliniambia: kama hakuna kilichogusa, basi ni ngozi yenyewe. Kuna watu ngozi yao inafika mahali inagoma, na haiambiwi. Inaweza kupona, lakini itapasuka tena, na tena.

Nimeandika haya ili pawe na mahali pamoja duniani panaposema kweli. Haitoshi, najua.

8 Machi

Umelowa. Mama alinifuata jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

“Josée, minye naomba Mungu juu ya mikono ya ule mwana asubuhi na mangaribi. Mais sijue naomba juu ya ugonjwa gani. Unipe jina yake.”

“Ngozi, mama.”

“Ngozi ya nini?”

“Ngozi tu. Njo vile docteur alisema.”

Aliniangalia usoni. Nilidhani mama haoni kitu zaidi ya Biblia yake, kumbe miaka hii yote alikuwa ananisoma mimi. “Mficha uchi hazai, mwanangu,” alisema, akarudi kwa sufuria.

10 Machi

Umelowa. Kifurushi cha manyezi kimefika kutoka Lubumbashi. Chizuru hakukifungua.

13 Machi

Una unyevu. Vidole vinaota ngozi mpya, ya waridi. Nilifurahi, nikamwambia twende hata kuangalia ukuta. Akasema hapana. Ameuondoa ubao wa juu ya mlango; mama bado anainama akipita.

16 Machi

Umelowa. Nimeamua: vidole vikipona kabisa, apande, ashinde, halafu nitamwambia tukiwa njiani, itakuwa kichekesho. Hivyo ndivyo nilivyo, najipangia kichekesho. Symphorien alipita na ndizi, aliniuliza kwa macho, nikainama kwenye cherehani.

17 Machi

Umelowa.

18 Machi

Umelowa.

19 Machi

Umelowa. Chizuru ameandika siku nzima kwenye kompyuta yake. Nilidhani ni ripoti.

22 Machi

Umelowa. Mvua inaonekana haina mpango na sisi tena, inanyesha kwa mazoea tu. Nyumba imenichosha, sauti ya cherehani yangu inanichosha. Nikitoka nje nazunguka kambi, nyumba arobaini zinazofanana, nafika mwisho, narudi. Nikirudi namkuta Chizuru amekaa palepale, na uongo wangu umekaa katikati yetu, umeshakula chakula chetu cha mchana.

24 Machi

Leo jua lilitoka kidogo. Nilimkuta Chizuru uani anafua kamba katika beseni kubwa la mama, polepole, mita kwa mita, kama anavyofanya mwisho wa msimu. Nikamuuliza mbona anaifua wakati zimebaki siku saba.

“Hazijabaki,” alisema. “Nimestaafu, Josée.”

Aliongea bila kuacha kufua. Barua aliipeleka tarehe 19. Aliwaandikia kampuni kuwa ngozi yake imefika mwisho, kwamba hataki wamngoje hadi 31 kisha wamfukuze, anataka kuaga kwa heshima yake mwenyewe. Wamemjibu vizuri mno. Leo asubuhi wametangaza, na wametangaza pia jina la atakayeshika nafasi yake, msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye kipaji. Watu wengi wanamwandikia pole.

“Nimemuuliza kila mtu, Josée. Daktari, wewe, mimi mwenyewe. Kama kungekuwa na sababu ningengoja. Mkataba ningeupoteza, sawa, ningetafuta mwingine, nimewahi kufanya hivyo. Lakini sababu ni mwili wangu. Huwezi kuutafutia mwili mwingine.”

Akatabasamu, akasema yuko sawa, na kwamba analia kwa ajili yangu zaidi, kwa sababu ya ile ahadi.

Ndipo ikanitoka. Sikupanga. Nilisimama pale na fulana yake mkononi nikasema: haikuwa ngozi. Ilikuwa chokaa.

Aliacha kufua.

“Sema tena.”

Nikasema tena. Gunia la mlangoni, gunia la nyuma, bati linalovuja, ulimi. Nilikuwa naharakisha, naomba msamaha katikati ya kila sentensi. Akaniinulia mkono uliolowa ili niache.

“Umejua lini?”

“Yaya, nilitaka kukuambia, kila siku nili—”

“Tarehe, Josée.”

“Ishirini na saba. Februari.”

Niliona anahesabu. Hakuhesabu kwa vidole, alihesabu kwa macho, akitazama maji ya beseni. Kutoka 27 Februari hadi 6 Machi, siku ya daktari. Kutoka 6 hadi 19. Nilitamani apige kelele. Anipige hata na kamba ile.

“Chokaa,” alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayejifunza neno. “Wiki tatu. Ingepona kwa wiki tatu.”

“Tuwaandikie. Waambie ilikuwa kosa, ni kosa langu, nitaandika mimi!”

“Yule msichana ameshasaini.” Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. “Kuhusu unga sina hasira. Ningeweza kukosea mimi. Nilikuuliza, Josée. Simu ilikuwa mkononi, nikakuuliza.”

Akaingia ndani. Kamba ilibaki nusu ndani ya beseni, nusu nje, na mimi nikamalizia kuifua kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Chokaa iliunguza vidole vyake wiki tatu. Kazi yake ya miaka ishirini na mitatu nimeiua mimi, kwa kunyamaza na kwa maneno mawili.

25 Machi

Umelowa. Hasemi nami. Anakula, anamshukuru mama, anaosha sahani yake.

27 Machi

Umelowa. Mama ananiombea kwa sauti, nikiwepo. Amepata jina la ugonjwa.

29 Machi

Una unyevu. Nimemkuta Chizuru uani na Elie. Anamfundisha kushika kamba. Elie aliponiona alitazama chini, lakini mikono yake haikuiacha kamba. Anajifunza haraka, ni mtoto wa baba.

31 Machi

Umelowa. Mkataba ungeisha leo. Hakuna aliyelitaja. Tumekula samaki.

2 Aprili

Una unyevu. Elie amerudi kwa chakula cha mchana na malengelenge kiganjani. Nilimletea mafuta. Akasema, “Yaya, minye sikuomba. Njo yeye aliniita.” Nikamwambia ashike vizuri, mkono wa chini usifunguke hata nyuki akimuuma. Akasema anajua.

5 Aprili

Umekauka.

Sikualikwa. Elie alimchukua Chizuru saa moja, na mimi nikapanda pikipiki ya mtu mwingine, nikashukia mbali, nikasimama karibu na barabara ya zamani ya malori, mahali ambapo angeweza kuniona kama angetaka.

Hapakuwa na simu ya kupiga picha, hapakuwa na kampuni. Alifungua ile manyezi mpya, akachovya, akapuliza. Alimkagua Elie fundo, Elie akamkagua yeye, kama tulivyokuwa tukifanya. Halafu akapanda.

Naujua ukuta ule kwa shingo. Najua pale anapobadilisha mguu, pale anapovuta pumzi mbili, pale ambapo mshika kamba anatakiwa kumpa kamba nusu mita mapema kwa sababu anavuta ghafla. Mikono yangu ilikuwa inatoa kamba hewani, peke yake, kama ya kichaa. Dirishani alipumzika akitikisa mkono mmoja, kisha mwingine. Kijitundu cha kwanza. Cha pili. Nilisahau kila kitu, nikawa naomba kwa sauti kama mama. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye ukingo, ukapapasa, ukashika majani, ukayaachia, ukashika jiwe. Akajivuta. Magoti yakapita, akawa juu.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Elie naye alikuwa anapiga kelele. Kule juu Chizuru alikaa akiwa ametupa kisogo, anatazama upande wa pili, upande wa Kakanda, ambako mimi nikiwa chini siwezi kuona kuna nini. Alikaa muda mrefu.

Alipofika chini alimwambia Elie “Aksanti, ndugu,” akafungua fundo. Kisha akaja moja kwa moja hadi barabarani niliposimama. Ni mara ya kwanza tangu siku ya beseni.

“Josée,” alisema, na akasema kwa Kiswahili, kile alichookota mezani kwetu. “Tazama mikono.”

Akaifungua mbele ya uso wangu, vidole vyote kumi. Chini ya unga ngozi ilikuwa ya waridi, ngumu, haina hata mchubuko.

“Iko muzima,” alisema. “Tangu siku mingi, iko muzima.”

Nilinyoosha mikono yangu niishike, lakini alikuwa ameshageuka kwenda kumsaidia Elie kukunja kamba.